Kutambua Sarafu za Kale za Shaba za China: Kwa Nini Jina Peke Yake Halitoshi

Sarafu ya kale ya China ni rahisi kuisoma na ngumu kuitambua. Mwenye orodha ya majina ya zama za wafalme na subira kidogo anaweza kulinganisha herufi nne zilizozunguka tundu la mraba na zile za kwenye orodha, akapata jina, kisha akadhani kazi imekwisha. Hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Jina hueleza aina hiyo ya sarafu ilianza kutolewa kwa amri ya nani. Halielezi kipande kilichoko mkononi kilitengenezwa mwaka gani, katika karakana ipi, wala kama kweli kilitengenezwa China. Sarafu zenye jina la Kaiyuan Tongbao zilitolewa kwa karibu miaka 300, na zenye jina la mfalme Qianlong ziliendelea kutolewa kwa miongo mingi baada ya mfalme mwenyewe kufariki mwaka 1799. Anayetaka kutoka kwenye jina na kufika kwenye aina mahususi analazimika kutazama mambo ambayo jicho la kawaida huyapita: mgongo wa sarafu, upana wa ukingo, umbo la kistari kimoja ndani ya herufi, kipenyo, uzito na rangi ya madini.

Suala hili si geni katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1945 huko Kajengwa, kusini mwa Unguja, lilipatikana rundo la sarafu za China, nyingi zikiwa za nasaba ya Song. Nchini Kenya, waakiolojia wamepata sarafu za Yongle Tongbao huko Mambrui, na pia katika kisiwa cha Manda, ambako ugunduzi ulitangazwa mwaka 2013. Sarafu za namna hii hutumiwa kama ushahidi wa biashara ya bahari, na ushahidi huo hauwezi kuwa na nguvu kuliko utambuzi uliotangulia.

Tofauti kati ya aina na aina hutokana na namna sarafu zilivyotengenezwa. Kwa zaidi ya miaka 2,000 sarafu za China hazikugongwa kwa nyundo juu ya muhuri kama zile za Roma au za makhalifa wa Kiislamu, bali zilisubiwa, yaani madini yaliyoyeyushwa yalimiminwa ndani ya kalibu. Mwanzoni kalibu zilikuwa za udongo, za mawe au za shaba yenyewe, na baadaye mafundi wakahamia kwenye mchanga. Fundi mkuu alichonga kwanza sarafu moja ya mfano, kutoka kwayo zikasubiwa sarafu mama, na sarafu mama zikakandamizwa katika mchanga laini uliojazwa ndani ya fremu mbili zinazofunikana, ili ziache alama za uso na za mgongo. Madini yalipomiminwa yalipita katika mfereji wa katikati na kugawanyika kwenye vijito vya pembeni, na yalipopoa kilitoka kitu chenye shina na matawi, kila tawi likiwa na sarafu. Sarafu zilikatwa, zikatungwa katika fimbo ya mraba kama mishkaki, na kingo zao zikapigwa tupa kwa pamoja. Tundu la mraba lilikuwa na kazi yake hapa, kwa sababu lilizuia sarafu zisizunguke wakati tupa inapopita.

Mchakato huo una matokeo ambayo mtambuzi hapaswi kuyasahau. Kwanza, kila kundi la sarafu mama lilikuwa na upekee wake, na upekee huo ulirithiwa na maelfu ya sarafu zilizotokana nalo. Kinachoitwa aina ndogo, kwa kiasi kikubwa, ni ukoo wa sarafu zilizotoka kwa mama mmoja au kwa mama wanaofanana. Pili, madini husinyaa yanapopoa, kwa hiyo kila kizazi huwa kidogo kuliko kizazi kilichokitangulia. Sarafu mama yenyewe, ikipatikana, hujulikana kwa kipenyo kikubwa kidogo na vistari vikali visivyochakaa. Kwa upande mwingine, mghushi asiye na sarafu mama alichukua sarafu ya kawaida kutoka sokoni na kuikandamiza mchangani, na alichopata kilikuwa kidogo zaidi, chepesi zaidi, na chenye herufi zilizovimba na kupoteza kina. Ndiyo maana rula ya milimita na mizani ndogo ya sonara ni vifaa vya lazima katika kazi hii, hata kwa mtu asiyejua herufi moja ya Kichina.

Sarafu za duara za mwanzo hazina jina la zama wala la mfalme. Banliang, iliyoenezwa nchi nzima baada ya Qin Shi Huang kuiunganisha China mwaka 221 K.K., inatamka uzito wake tu, yaani nusu ya liang moja, sawa na zhu 12 (liang na zhu ni vipimo vya kale vya uzito). Nasaba ya Han iliyofuata iliendelea kuandika maneno yale yale juu ya sarafu iliyozidi kukonda: zhu 8 mwaka 186 K.K., kisha zhu 4 mwaka 175 K.K., na baina ya hizo vikawapo vipande vyembamba vilivyofananishwa na mbegu za miti zinazopeperushwa na upepo. Mtu akiambiwa kwamba sarafu fulani ni Banliang, basi bado hajaambiwa kitu cha maana mpaka aiweke kwenye mizani. Zile za Qin kwa kawaida ni nene, zimepindapinda, na mara nyingi zina kisiki pale zilipokatwa kutoka kwenye mti wa kusubia. Zile za zhu 4 ni bapa na nadhifu.

Wuzhu, iliyoanzishwa na mfalme Wudi wa Han mwaka 118 K.K., ni mtihani mgumu zaidi, kwa sababu ilidumu hadi mwaka 621, zaidi ya miaka 700, ikipitia tawala nyingi zilizoinuka na kuanguka. Herufi zake ni mbili, zenye maana ya zhu tano: 五 upande wa kulia na 銖 upande wa kushoto. Katika Han ya Magharibi, yaani nusu ya kwanza ya nasaba hiyo, sehemu ya juu ya nusu ya kulia ya 銖 ina pembe, kama mabano ya mraba yaliyolazwa. Katika Han ya Mashariki, yaani nusu ya pili, pembe hizo zimekuwa za mviringo. Mistari inayokatizana ndani ya 五 nayo hubadilika, kutoka iliyonyooka hadi iliyopinda. Wuzhu ya nasaba ya Sui, ya mwaka 581 na kuendelea, ina ukingo mpana, na kistari cha wima kimesimama kati ya 五 na tundu. Kuelekea mwisho wa Han ya Mashariki kuna vipande vinavyomchanganya mgeni wa fani hii: watu waliikata sarafu moja kwa duara la ndani wakapata mbili, ya kwanza ikiwa kitovu kisicho na ukingo chenye nusu ya kila herufi, na ya pili ikiwa pete nyembamba. Vyote viwili vilitumika kama fedha. Kati ya vipindi hivi kuna Wang Mang, aliyetwaa kiti mwaka 9 na kuuawa mwaka 23, ambaye sarafu zake ni nyingi kwa aina na nzuri kwa sura, na kwa kuwa majina yake hayakurudiwa kwa wingi baadaye, ni miongoni mwa zilizo nyepesi kutambuliwa.

Mwaka 621 mfalme Gaozu wa Tang aliacha desturi ya kuandika uzito. Sarafu mpya ilibeba herufi nne, 開元通寶 (Kaiyuan Tongbao), zilizoandikwa na Ouyang Xun, mmoja wa mabingwa wa mwandiko wa zama zake. Kipenyo chake kilikuwa kama milimita 24, uzito wake karibu gramu 4, na sarafu kumi zilikuwa na uzito wa liang moja. Vipimo hivyo vilikuja kuwa kigezo kwa karne nyingi zilizofuata, si China pekee bali pia Japani, Korea na Vietnam.

Kwa kuwa jina halikubadilika, umri wa Kaiyuan unatafutwa ndani ya herufi. Chukua neno la chini, 元. Katika sarafu za mwanzo, kistari chake cha juu kabisa ni kifupi, na kile cha pili kina ncha iliyopinda juu upande wa kushoto; katika zile za katikati ya Tang, kistari cha juu kimerefuka. Hamia kulia kwenye 通: alama iliyo ukingoni mwake kushoto, katika sarafu za mwanzo, huonekana kama nukta tatu zilizoachana, na baadaye nukta hizo huungana zikawa mkunjo mmoja. Malizia kushoto kwenye 寶, na utazame kisanduku kilicho sehemu yake ya chini. Vistari viwili vya ndani vikiwa vifupi, bila kugusa kuta za kisanduku, hiyo ni dalili ya mapema. Vikigusa kuta, ni dalili ya baadaye. Hakuna dalili hata moja inayojitosheleza, kwa sababu sarafu iliyochakaa inaweza kuonyesha kistari kifupi kisichokuwa kifupi ilipotoka kalibuni, lakini dalili tatu zikikubaliana, hoja huwa imara.

Mgongoni mwa baadhi ya Kaiyuan kuna alama ya hilali. Kisa maarufu kinadai kwamba mfano wa nta ulipopelekwa ikulu, mke wa mfalme aliugusa kwa ukucha, na hakuna fundi aliyethubutu kuifuta alama ile. Wasimulizi hawakubaliani hata huyo mke alikuwa nani. Wengine humtaja Yang Guifei, aliyezaliwa karibu miaka 100 baada ya sarafu ya kwanza kutoka. Hilali yenyewe huonekana juu, chini na pembeni mwa tundu, katika pande tofauti na kwa ukubwa tofauti. Ukucha mmoja hauwezi kufanya yote hayo, na kwa maoni yangu ni busara zaidi kuzihesabu hilali hizo kuwa alama za karakana au za mafungu ya uzalishaji.

Alama zisizo na utata zilikuja mwaka 845, katika zama za Huichang, mfalme Wuzong alipofunga nyumba za watawa wa Kibuddha na kuamuru sanamu na kengele zao ziyeyushwe. Li Shen, aliyekuwa akitawala Yangzhou, aliweka herufi Chang mgongoni mwa sarafu zake kwa heshima ya zama hizo, na mikoa mingine ikafuata kwa kuweka majina yake yenyewe. Alama 23 zinajulikana. Sarafu hizi mara nyingi ni ndogo na zimesubiwa ovyo kuliko zile za mwanzo, ila mgongo wake hutaja mahali waziwazi, jambo ambalo Kaiyuan nyingine nyingi hazifanyi. Katika karne ya 10 dola ya Tang ya Kusini nayo ilitoa Kaiyuan zake, baadhi zikiwa na mwandiko wa kale wa mihuri na ukingo mpana. Anayesoma jina tu ataziweka zote hizi katika kisanduku kimoja.

Kwa nasaba ya Song, iliyotawala kuanzia 960 hadi 1279, hali inageuka. Majina yanakuwa mengi, kwa sababu karibu kila mfalme alipobadilisha jina la zama sarafu mpya ilitoka, na mfalme Renzong peke yake alitumia majina tisa. Mwaka 1038 zama ziliitwa Baoyuan, na kwa utaratibu wa kawaida sarafu ingeitwa Baoyuan Yuanbao, maneno yanayorudiana vibaya. Wakaamua kuandika Huang Song Tongbao badala yake. Namna ya kusoma nayo haiko moja. Sarafu nyingine husomwa juu, chini, kulia, kisha kushoto; nyingine husomwa kwa kuzunguka, kuanzia juu, kisha kulia, chini na kushoto. Njia ya kujinasua ni kutafuta kwanza 寶 (bao), ambayo karibu kila mara iko kushoto, kisha kuitafuta 通 (tong), 元 (yuan) au 重 (zhong) inayoitangulia: ikiwa chini, msomo ni wa kuzunguka, ikiwa kulia, msomo ni wa juu na chini kwanza.

Uzuri wa Song, na ugumu wake, uko katika miandiko. Mwaka 990 mfalme Taizong aliandika kwa mkono wake herufi za Chunhua Yuanbao kwa miandiko mitatu: ule wa kawaida, ule wa haraka, na ule wa kasi ambao herufi hufungamana. Baadaye ikazoeleka kutoa sarafu kwa jozi, yaani sarafu mbili za jina moja, zenye kipenyo kimoja, tundu moja, ukingo mmoja na unene mmoja wa vistari, zinazotofautiana kwa mwandiko tu, mmoja ukiwa wa mihuri na mwingine wa kawaida au wa haraka. Jozi hizi humsaidia sana mtambuzi. Akiwa na sarafu ya mwandiko wa mihuri ambayo ukingo na tundu lake vinalingana kabisa na vya mwenzake wa mwandiko wa haraka, anajua kwamba zote mbili zilitoka katika mpango mmoja wa kazi, pengine karakana moja, hata kama mgongo hausemi lolote. Kisha yupo Huizong, mfalme msanii aliyepoteza kaskazini ya China, ambaye Chongning Tongbao na Daguan Tongbao zake zina mwandiko mwembamba wenye ncha kali alioubuni mwenyewe. Huo haufanani na mwingine wowote, na akishauona mara moja, mtu haukosei tena.

Wingi wa uzalishaji ndio uliozaa wingi wa aina. Mwaka 1080, katika zama za Yuanfeng, serikali ilitoa mitungo zaidi ya milioni 5, kila mtungo ukihesabiwa kuwa sarafu 1,000. Kwa kiwango hicho sarafu mama zilikuwa nyingi mno, na vijitofauti vya Yuanfeng Tongbao, kuanzia urefu wa mguu wa 元 hadi mwinamo wa 豐, vinaweza kumshughulisha mtu maisha yake yote. Wingi huo unaeleza pia kwa nini sarafu za Song ndizo zinazotokea mara kwa mara nje ya China, na kwa nini haziishi katika karne yao. Meli iliyozama mwaka 1323 karibu na Sinan, Korea, ilikuwa imebeba takriban tani 28 za sarafu, nyingi zikiwa za miaka mingi kabla ya safari ile. Kwa hiyo rundo kama lile la Kajengwa linapaswa kupewa tarehe kwa sarafu yake changa kuliko zote, wala si kwa zile zilizo nyingi zaidi, na hata hapo kinachopatikana ni tarehe ambayo rundo haliwezi kuitangulia.

Song ya Kusini, yaani nasaba hiyo baada ya kupoteza kaskazini, inatoa nafuu adimu katika historia ya sarafu hizi. Kuanzia mwaka 1180, mgongoni pakawekwa tarakimu ya mwaka wa zama. Chunxi Yuanbao yenye 七 mgongoni ni ya mwaka wa saba wa Chunxi, yaani 1180 wenyewe, bila kubahatisha.

Nje ya mipaka ya China, kipimo cha ukubwa hufika mahali kikashindwa. Vietnam na Japani zilitumia sarafu za China, zikaziiga, na zikatoa zake zilizofanana nazo. Nyingi za kuiga ni nyembamba na ndogo, kwa sababu zilisubiwa kutokana na sarafu za kawaida, na mizani huzifichua mara moja. Lakini kati ya 1659 na 1685, mji wa Nagasaki ulitoa sarafu za biashara ya nje zenye majina ya Song, Yuanfeng Tongbao ikiwa mojawapo, na hizo hazikusubiwa kutokana na sarafu za zamani bali herufi zake zilichongwa upya. Uzito wake unaweza kuwa wa kuridhisha na vistari vyake vikali, kwa hiyo mizani haisaidii. Kinachosaidia ni kulinganisha mwandiko na ule wa karakana za Song, kistari kwa kistari, mpaka mkono wa fundi mwingine uonekane. Sarafu hiyo ina jina la karne ya 11, ilitengenezwa karne ya 17, na nyingi ya aina hii ziliishia Vietnam.

Nasaba ya Ming iliacha kabisa neno Yuanbao, kwa kuwa 元 lilikuwamo katika jina la mwanzilishi wake, Zhu Yuanzhang, na likaepukwa kwa heshima. Sarafu yenye jina la zama za Ming na maneno Yuanbao kwa hiyo ni ya kutiliwa shaka papo hapo. Hongwu Tongbao ya mwaka 1368 ilitolewa kwa ukubwa wa namna tano, na nyingine zina jina la mkoa mgongoni. Yongle Tongbao, ya zama za 1403 hadi 1424, ni kinyume chake: ukubwa mmoja, mgongo mtupu, mwandiko unaokaribia kuwa mmoja katika sarafu zote, na kipenyo cha kama milimita 25. Usawa huo ndio unaofanya nakala zake zijitokeze, na nakala ni nyingi, kwa sababu Japani iliipenda sarafu hii kuliko China yenyewe na ikasubu zake. Mtu anayeitazama Yongle ya Manda au ya Mambrui na kukumbuka safari za Zheng He, amiri wa merikebu za Ming, zilizofanyika kati ya 1405 na 1433 na kufika hadi pwani hii, ana sababu ya kufurahi. Hata hivyo, sarafu haisemi ilishuka katika jahazi gani. Yongle zilizunguka katika Bahari ya Hindi na mashariki yake muda mrefu baada ya merikebu za Zheng He kuacha kusafiri, na zilipita katika mikono ya wafanyabiashara wa mataifa mengi.

Ming ndiyo pia inayotupa kipimo cha madini. Hadi mwanzo wa karne ya 16, sarafu za China zilikuwa mchanganyiko wa shaba, bati na risasi. Katika zama za Jiajing, zilizoanza 1522, zinki iliingia, na sarafu ikaanza kuwa ya njano. Sarafu inayodai kuwa ya Tang au Song lakini mahali ilipokwaruzwa panang'aa njano kama bomba la maji inahitaji maelezo, na mara nyingi maelezo hayo ni kwamba ni ya kughushi.

Qing, iliyotawala kuanzia 1644, ilihamishia habari karibu zote mgongoni. Usoni mna jina la zama na Tongbao. Mgongoni, kwa sehemu kubwa ya nasaba hiyo, mna maneno mawili ya Kimanchu, lugha ya watawala wa Qing, yaliyoandikwa kutoka juu kwenda chini, la kushoto likisomeka boo na la kulia likiwa jina la karakana. Utaratibu huo uliimarika tangu 1723. Asiyejua Kimanchu asihofu, kwa kuwa karakana si nyingi, na maumbo yake hukaririka kama picha. Mbili za Beijing ndizo zinazokutwa zaidi: Boo Chiowan ya Wizara ya Mapato na Boo Yuwan ya Wizara ya Ujenzi, ambazo hutofautiana katika sehemu ndogo tu ya neno la kulia, na wanaoanza huzichanganya kila siku. Kabla ya hapo, Kangxi Tongbao za mikoani zilikuwa na Kimanchu kushoto na Kichina kulia. Karakana 20 za namna hiyo zilipangwa na watu katika beti linaloanza na maneno Tong Fu Lin Dong Jiang, na seti nzima ya sarafu hizo ikivaliwa kama hirizi. Ipo pia Kangxi inayoitwa Luohan, yaani mtakatifu wa Kibuddha, inayohusishwa na mwaka wa 60 wa umri wa mfalme: herufi 熙 haina kistari cha wima kilichozoeleka kushoto, na 通 ina nukta moja badala ya mbili. Hadithi ya kwamba ndani yake mna dhahabu ya sanamu zilizoyeyushwa imeipandisha bei kuliko inavyostahili.

Msomaji anayejua herufi za Kiarabu ana faida katika kundi moja la sarafu za Qing. Baada ya kuiteka Xinjiang mwaka 1759, serikali ilifungua karakana huko, na mgongoni mwa sarafu zake jina la mji, kama Yarkand au Aksu, liliandikwa kwa Kimanchu upande mmoja na kwa herufi za Kiarabu upande wa pili. Zilikaribia kuwa shaba tupu, kwa hiyo ni nyekundu na nzito, na huonekana tofauti hata zikiwa katikati ya rundo. Ni hapa ambapo jina linapotosha zaidi kuliko popote. Mfalme Jiaqing aliamuru kwamba huko Xinjiang sehemu mbili kati ya kumi za sarafu ziendelee kubeba jina la baba yake, Qianlong, daima, na amri ikatiiwa hadi mwishoni mwa karne ya 19. Qianlong Tongbao nyekundu yenye herufi 十, yaani kumi, mgongoni ni ya wajukuu na vitukuu vya Qianlong.

Zama za Xianfeng, 1851 hadi 1861, zinahitaji tahadhari ya pekee. Uasi wa Taiping ulikata njia za shaba kutoka Yunnan, na kuanzia 1853 serikali ikatoa sarafu zilizoandikwa thamani ya 10, 50, 100, hata 1,000. Mikoa haikulingana katika uzito, kiasi kwamba sarafu ya 50 ya Fujian inaweza kuipita kwa mbali ile ya 100 ya Beijing. Kwa kuwa hizi ndizo zinazotafutwa sana na wakusanyaji, ndizo pia zinazoghushiwa sana.

Mwaka 1889 Guangdong ilianza kupiga sarafu zenye tundu kwa mashine zilizoagizwa kutoka Birmingham, na mwaka 1900 ikatoa sarafu ya shaba isiyo na tundu, yenye joka mgongoni. Kanuni za kusubu zinaishia hapo, kwa kuwa hakuna kusinyaa wala tupa. Tofauti sasa hutoka kwenye mihuri ya chuma, na mtambuzi huhesabu magamba ya joka, hutazama mawingu yanayolizunguka na maua madogo pembeni mwa maandishi. Katika Da Qing Tongbi, iliyoanza 1905, herufi ndogo ya katikati hutaja mkoa, na mwaka huandikwa juu kwa jozi ya herufi za mzunguko wa miaka 60: 乙巳 ni 1905, 丙午 ni 1906, 丁未 ni 1907, 戊申 ni 1908, 己酉 ni 1909.

Jambo la mwisho linahusu kutu. Sarafu iliyofukuliwa haifai kusuguliwa kwa ndimu, majivu wala brashi ya chuma, kwa sababu kutu ya kijani iliyoshikamana na madini huwa imebeba umbo la vistari ambavyo vyenyewe vimeshaliwa, na ikiondoka huondoka navyo. Herufi iliyofifia hujitokeza zaidi kwa mwanga unaopigwa kutoka ubavuni, au kwa njia waliyoitumia Wachina kwa karne nyingi, ya kuweka karatasi nyembamba yenye unyevu juu ya sarafu, kuibonyeza taratibu mpaka ifuate kila mwinuko, na kuigusagusa kwa wino. Kutu ya kughushi hutambulika kwa kuwa imekaa juu juu kama rangi, ina kijani kimoja pande zote, na hulainika ikiwekwa katika maji ya moto.